Sweta la Chiriku

Kila asubuhi Chiriku alifagia ua huku akiimba, na majirani waliamka kwa sauti yake. Ndiye aliyeongoza kwaya ya shule. Kisha binti wa mama yake mkubwa akahamia kwao, na mwalimu akaanza kumsifu kwa kuimba. Chiriku akambandika jina: Mgeni.

"Mgeni, kwenu huwa mnaimba au mnalia?" alimuuliza kila alipomsikia. Kijicho kilimuuma Chiriku rohoni.

Ndipo vipele vikamtoka yeye Chiriku mikononi. Akawaza: nikilala nyumbani, Mgeni ataongoza kwaya. Akavaa sweta katikati ya joto. "Baridi imeniingia, mama," akasema, akaenda shule.

Baadaye nusu ya darasa wakaugua tetekuwanga. Mgeni naye akajaa malengelenge.

"Amekuja nayo huyo!" Chiriku alitangaza darasani, nyumbani, hata bombani. Watu wakaamini. Mama akaanza kufunga nguo za Mgeni kwenye begi.

"Akipona, arudi kwao. Wazazi wenzangu wananiandama."

Shangazi yake Chiriku, mfanyakazi wa maabara, alikuwa amechukua vigaga vya vidonda vya Mgeni na vya wanafunzi kadhaa ili vipimwe. Siku hiyo aliingia hata viatu hakuvua.

"Wifi, fungua begi hilo! Virusi vya tetekuwanga vina koo mbalimbali, na kila ukoo una alama zake za vinasaba. Tumezisoma. Vya mtoto huyu ni vya ukoo mmoja, vya darasani ni vya ukoo mwingine kabisa. Hakuwaambukiza yeye."

"Basi nani?"

"Hapo maabara haijui. Imemwondolea lawama asiyehusika. Anayehusika, mpaka aseme mwenyewe."

Mgeni alikuwa akilitazama begi lake. Chiriku akamtazama, kisha akavua sweta. Mikono ilijaa makovu mapya.

"Ni mimi, mama. Niliogopa atachukua nafasi yangu."

Mama akaketi taratibu. "Mwanangu, kijicho chako kimelaza nusu ya darasa, na nusura kimfukuze mtoto wa dada yangu. Ungesema siku ya kwanza, ungepumzika, Mungu angekuponya, ukarudi kuimba. Kuugua si aibu. Kuficha ugonjwa ndiko kunakoumiza wengine. Kesho tutakwenda wote shuleni, ukaseme kama ulivyosema hapa."

Chiriku akachukua chupa ya dawa, akaanza kumpaka mwenzake mgongoni.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Polepole basi, dada," akajibu, akicheka kidogo. "Hapo ndipo panapowasha."