Kinyozi Aliyeuliza Saa Nne Asubuhi

— Chagua leo hii. Mimi, au hizo takwimu zako.

Kinyozi aliyasema hayo mashine ikinguruma kichwani mwa mteja, na mteja, kwa kuhofia sikio lake, akatulia kama sanamu. Mlangoni alisimama mchumba wa kinyozi, ambaye kijiwe kizima kilimwita Msomi, mkoba wa kompyuta begani. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea takwimu, amebakiza mitihani tu.

Ugomvi ulianzia kwenye tarehe. Mama yake kinyozi alikuwa ameshika ukumbi wa harusi bila kumuuliza mtu, na siku aliyoichagua ilikuwa ile ile ya mtihani wa kwanza. Msomi alipoomba harusi isogezwe, mama huyo akamjibu kwamba mwanamke anayeolewa hana shida na mitihani. Kwa mumewe kuna kiti, atakaa apokee wateja.

— Sikukatazi kwa ubaya, kinyozi akaendelea. Nimefanya utafiti. Mwezi mzima, kila aliyesoma takwimu akikaa hapa namuuliza kama ana kazi. Hakuna hata mmoja. Muulize huyu.

Mteja akachomoa kidole chini ya shuka kukiri kuwa naye ni wa kundi hilo.

— Ulikuwa unawauliza saa ngapi? Msomi akataka kujua.

— Asubuhi. Saa nne, saa tano, kijiwe kikichangamka.

— Na jioni?

— Jioni nafunga naenda mpirani, si unajua?

— Jumamosi je?

— Jumamosi nalala.

Watu waliosubiri zamu kwenye benchi wakaanza kucheka kabla kinyozi hajaelewa.

— Mpenzi, mwenye kazi saa nne asubuhi yuko kazini. Atakaaje kwenye kiti chako? Umefanya kama mtu aliyekwenda wodini kuuliza nani haumwi. Hilo tulifundishwa wiki ya kwanza tu: kabla hujaamini jibu, tazama ulimuuliza nani, na nani hukumkuta.

Kicheko kilichopasuka pale kiliamsha vichanga mtaa wa tatu, na mzee mmoja ikabidi ayatafute meno yake ya bandia chini ya benchi. Kinyozi alipaliwa na hasira, mashine ikapita pasipopaswa, na yule mteja asiye na kazi akapata barabara ya lami katikati ya kichwa.

Kinyozi hakukubali kushindwa mbele za watu. Akataka wafunge dau: Jumamosi atafungua tangu alfajiri, na wenye kazi wasipotokea, Msomi aache chuo.

— Sifungi dau, Msomi akasema. Hata wakija mia wasio na kazi, siachi. Mimi napenda kukaa na lundo la majibu ya watu mpaka lianze kusema kweli. Malundo hayo yako hospitalini, yako benki, yako kwenye kampuni za simu, na yanataka mtu wa kuyasoma. Harusi inaweza kufungwa siku yoyote. Mtihani una siku yake. Siku hiyo mimi nitakuwa kwenye mtihani, uwe nami usiwe nami.

Akageuka akaenda zake. Siku zilizofuata kinyozi alipiga simu, haikupokelewa.

Jumamosi alifungua kwa ubishi tu. Wakaja. Mmoja alikuwa wa hospitali, kazi yake kukadiria dawa zitakazohitajika kabla hazijaisha. Mwingine wa kampuni ya bima. Wa tatu alisinzia kitini kwa uchovu, akiota anamjibu bosi wake. Wasio na kazi nao walikuwepo, lakini si wote tena. Jioni kinyozi akaandika ujumbe:

"Wenye kazi wapo. Wanalalamika kuliko wasio nayo. Nimekosea."

Jibu likaja hapo hapo: "Umekosea wapi?"

Akapiga, na safari hii simu ikapokelewa.

— Si kwenye saa tu, kinyozi akasema. Nilikosea kabla ya hapo. Jibu lile nilikuwa nalitaka. Niliona ukipata ofisi, mimi nitakuwa kama nywele za sakafuni, za kufagiwa.

— Hilo ungeniuliza mimi. Jibu lake hakuna mwingine analo.

— Basi nakuuliza.

— Uniulize nikitoka kwenye mtihani. Na kwamba harusi imeahirishwa, mama umwambie wewe, si mimi.

Alimwambia. Mama akazira chakula cha mchana. Cha jioni alikula. Alisema ameaibishwa kwa ukoo mzima, na mwanawe akamjibu kwamba kwa tarehe ile angeoa kiti.

Siku ilipofika, kinyozi alisimama nje ya jengo la mitihani akiwa amevaa suti yake ya harusi, maana ilikuwa imeshashonwa, akiwajibu kwa simu wageni ambao habari haikuwafikia: bwana harusi yupo, bibi harusi yuko kwenye mtihani, rudini nyumbani. Pembeni yake alikaa mama, gauni la sherehe mwilini, aliyekuja kuhakikisha kama huo mtihani kweli upo.

Msomi akatoka.

— Umefaulu? mama akawahi.

— Sijui, mama, majibu bado. Ila juu ya karatasi nimeandika jina la baba yangu, na hata nikiolewa litabaki hilo.

Mama akavuta pumzi ya ugomvi, akamgeukia mwanawe amsaidie. Mwanawe alikuwa na lake.

— Ukipata ofisi, utarudi kwangu jioni?

— Nitarudi. Nikichelewa unitengee chakula, ukichelewa nitakutengea. Na tarehe ya harusi nitaitaja mimi.

— Itaje.

— Jumatatu nina mtihani mwingine. Tutazungumza baada ya hapo.

Akampa mkoba ambebee, akatangulia kwenda maktaba. Suti ikamfuata, gauni la sherehe likafuata suti, na wanafunzi njiani wakawapisha wakipiga vigelegele, wakidhani ni msafara wa harusi. Msomi hakuwasahihisha.