Aliyeitwa Mzito

Asubuhi ile, ndugu zangu, nyumba ya fundi umeme ilikuwa na amani. Chai ilikuwa mezani, na wanawe wawili, watu wazima wanaofanya kazi naye, walikuwa wakipanga vifaa mkobani. Kaka mtu aliitwa Chapchap. Dada yake aliitwa Mzito, kwa kuwa kila jambo huligeuzageuza kichwani na kuuliza kwanza, ndipo atende.

Majina hayo aliwapa baba yao mwenyewe. Baba gani huyo?

"Leo sitaki maswali," alimwambia binti. "Ukiniaibisha tena mbele ya mteja, unarudi nyumbani. Mwangalie mwenzio, yeye ana akili."

Chapchap alicheka. Mzito alimaliza chai yake, akabeba mkoba.

Kwa mteja, baba alizima swichi kuu, akatoka kwenda kununua nyaya. Chapchap akapanda ngazi hima kufungua nyaya za taa, bila kupima kama zina umeme. Mara Mzito akasikia pampu ya maji ikinguruma uani. Mbona umeme umerudi? Au pampu ina laini yake ya umeme? Lakini mteja alikuwa amesimama pale mlangoni, kumbe ndiye aliyewasha swichi kuu ili ajaze tangi, ila Mzito hakujua. Mzito akaanza kutafuta namna ya kuuliza isiyochekesha.

Kabla hajaipata, Chapchap alipiga yowe. Mzito alikimbia kuzima swichi, lakini kaka yake alikuwa ameshaanguka, kiganja kimeungua vibaya.

Hospitalini, daktari alisema mkono ule hautashika bisibisi tena. Mzito akaeleza habari ya pampu, na baba akamjia juu.

"Ulisikia, ukanyamaza? Kwa nini hukusema?"

"Baba, nilikuwa nafikiria kama ninaruhusiwa."

Mzee aliinamisha kichwa. Na ainamishe! Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto mmoja kwamba kusita ni ujinga, mwingine akamfundisha kwamba kufikiri ni aibu. Halafu anauliza kwa nini!

FUNZO

Wazazi, acheni tabia hii mbovu. Yuko anayefikiri haraka na yuko anayefikiri taratibu, na wote wana akili. Lakini mtoto hukua akilifuata jina mlilompa. Msifieni pupa, atakuwa na pupa hadi imdhuru. Mkejelini kwa maswali yake, atajifunza kunyamaza, na atanyamaza hata siku ile ambayo swali lake lingemwokoa ndugu yake.