Somo la Kufukuza

Kipandaneno kilikuwa kofia tu, nyepesi, ya rangi ya maziwa, yenye nyuzi mbili za kushuka nyuma ya masikio. Ukikivaa asubuhi bila kujua hata "karibu", jioni unaomba chumvi kwa lafudhi ya Mikindani. Na wageni walikihitaji haswa, maana Mtwara ya siku hizo ndiyo iliyokuwa shina la Nguzo, lifti ya kupandia angani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi, chini na juu. Bosi asiyekijua, hata mitambo haikumsikiliza.

Ila kulikuwa na maneno yaliyogoma. Nyundo, homa, mchuzi, hayo yalishika kwa picha. Kuamuru, kuzuia, kushusha cheo, kufukuza, hayo yalikaa kichwani saa moja, yakapotea. Mhandisi Mnali, aliyekibuni kipandaneno, aligundua sababu, na laiti asingegundua. Ubongo huyahifadhi maneno ya madaraka pale tu mtu halisi anapoumia. Roboti ikiinama haitoshi. Basi kampuni ikaajiri wapokeaji, watu wa kuamriwa, kukemewa na kufukuzwa ili wakubwa wapate kujifunza. Eti nayo ni kazi!

Bi Somoe Nandonde alikuwa mpokeaji mwaka wa tisa. Mama yake mzazi alisuka kamba za Nguzo miaka ishirini, vumbi likamla mapafu, na sasa aliishi kwa hewa iliyochujwa ya nyumba za kampuni. Jina la Somoe likiwamo kwenye orodha ya wafanyakazi, nyumba ni yao. Likifutwa, wanatolewa.

Na lilifutwa kila mara. Somo la kumi na moja, kufukuza, lilifuta jina kweli, kwa kuwa neno halikushika kwa maigizo. Somo la kumi na mbili, kurudisha, lililirejesha. Katikati palikuwa na robo saa, ikipita jina halirudi tena na nyumba inafungwa, na sauti ya mwanafunzi yule yule pekee ndiyo iliyoweza kulirejesha. Somoe alishafukuzwa mara sitini na tatu na kurudishwa mara sitini na tatu. Robo saa hiyo yeye alikuwa akinywa chai.

Wa sitini na nne alikuwa Mirek, mchomeleaji wa meli kutoka Polandi, aliyepandishwa ghafla kuwa msimamizi wa watu elfu nne huko juu. Pande la mtu, lakini lenye haya kama mwali.

"Samahani mama, naomba, kama huna shida, uniletee maji," alisema siku ya kwanza. Taa ya kofia ikabaki nyekundu.

"Baba, hivyo unaomba kura," Somoe akamcheka. "Hapa unaamuru. Sema, lete maji. Halafu nyamaza."

"Naona aibu. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa natumwa."

"Ukifeli watasema mpokeaji ni mbovu. Aibu yako itanifukuzisha kazi kweli kweli."

Akamfundisha wakati wa mapumziko. Asiseme tafadhali. Asiangalie chini. Mtu akimwuliza kitu, amwache angoje kwanza. Siku Mirek alipomsimamisha Somoe mpaka miguu ikamvimba, Mirek mwenyewe alilia, na Somoe akamfuta machozi kwa khanga yake. Mjinga mwanamke huyu, Mungu anisamehe, lakini nani asingemhurumia? Kufika somo la saba machozi yalikwisha. Somo la tisa, taa iligeuka kijani kabla hajamaliza neno, na Somoe akapiga kigelegele.

Alhamisi, saa nne asubuhi, wakafika la kumi na moja.

"Somoe Nandonde, umefukuzwa."

Kijani. Jina likafutika kwenye orodha ya ukutani. Somoe akajimiminia chai.

"Safi sana," alisema Mnali. "Sasa la kumi na mbili. Mrudishe."

Mirek akavua kofia. "Hilo ni lazima?"

Mnali akainamia meza yake. "Mtihani unaishia la kumi na moja. Lakini wote hulimaliza, bwana."

Somoe alidhani ni utani. "Fanya upesi, baba. Mama yangu yumo ndani."

Mirek akamwacha angoje kwanza. "Najua yumo," akasema, kwa Kiswahili kisicho na doa. "Miaka kumi na tisa watu wengine waliamua mambo yangu. Acha nami nisikie kidogo kuamua kulivyo."

Kikombe kilimponyoka. Akapiga magoti. "Mhandisi, sema neno! Jamani!"

"Sauti yangu haifui dafu hapo," alisema Mnali, uso umemshuka. "Kipandaneno nilikitengeneza hivyo mwenyewe."

Mirek alikaa pale robo saa nzima, mkono kidevuni, akimtazama mwanamke akilia. Saa ilipogonga alimpa Mnali mkono wa kwaheri, akaenda kupanda Nguzo.

Somoe alikimbia njia nzima. Alimkuta mama yake nje, juu ya godoro, vumbini. Roboti ya nyumba ilikuwa imemtoa taratibu, hata mto ikamwekea. Mlango umefungwa.

"Leo mwanafunzi gani huyo?" mama yake aliuliza katikati ya kikohozi. "Hajui kurudisha?"

"Anajua, mama."

Akavua khanga yake, akamfunga puani na mdomoni, akaanza kulivuta godoro kuelekea kivulini.