Koti la Sabufa

Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili, watu wanne na spika tatu. Spika ndizo zilizotamba sebuleni. Mgeni akija, alijibanza kando yazo na kunywa chai akiwa amekunja magoti.

Mwenye spika alikuwa baba wa nyumba. Mtaani walimwita Besi, kwa sababu hata akisalimia alitaka vioo vitetemeke. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona dirishani tangu asubuhi, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni.

Spika mbili zilikuwa za kuweka juu ya stendi. Ya tatu ilikuwa sabufa, sanduku zito la kukaa chini na kutoa mdundo. Kila moja ilikuwa na amplifaya ndani yake. Unachomeka umeme, unachomeka waya wa sauti, kazi inaanza. Hivyo ndivyo Besi alivyoamini, na hakutaka kusikia zaidi.

Fundi cherehani naye alizipenda spika kwa namna yake. Alizishonea makoti. Alitumia kitambaa cha pazia cha rangi ya damu ya mzee, akaweka bitana nene ndani. Mbele aliacha dirisha la neti ili sauti itoke. Nyuma alitia zipu ndefu iliyofunga kabisa, vumbi lisipate pa kupita.

"Mama watoto, umeua!" Besi alisema. "Zimependeza kuliko mimi."

"Hilo si jambo gumu," mkewe alijibu, na cherehani ikaendelea kunguruma.

Makoti yale yaliandaliwa kwa siku moja kubwa. Mdogo wake fundi, kitinda mimba wa kwao, alikuwa anaolewa. Besi ndiye angepiga muziki. Lakini muziki haukuwa jambo la kwanza. Jambo la kwanza lilikuwa sauti ya baba yao.

Mzee yule alikuwa ameugua koo. Alitibiwa, akapona, ila sauti haikurudi. Alibaki akinong'ona. Ukitaka kumsikia, lazima uinamishe sikio mpaka karibu na midomo yake. Siku moja alimvuta Besi karibu.

"Nina neno la kumwambia binti yangu mbele za watu," alinong'ona. "Nataka wote walisikie."

"Baba, watakusikia mpaka barabarani," Besi alimwahidi.

Upande wa bwana harusi hawakuwa na imani na Besi. Shangazi wa bwana harusi, mama wa maneno machache, alisema waziwazi, "Sisi tuna mpiga muziki wetu, na yuko tayari. Mkishindwa, semeni mapema. Msituletee aibu."

Siku ya harusi, Besi aliwahi ukumbini. Sakafu ya saruji ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado mbichi. Alipanga sabufa chini, akapandisha spika mbili kwenye stendi, zote na makoti yake. Aliwasha spika kwanza, kisha akawasha mikisa, kile kisanduku cha vitufe kinachochanganya sauti.

Puu! Spika zilipiga mshindo. Mkewe, aliyekuwa akipachika maua, aliruka.

"Ni salamu tu," Besi alisema.

Baada ya salamu ukaja mvumo. Mmmmm. Ulikuwa kama nyuki ndani ya mtungi. Besi alipunguza sauti, mvumo ukabaki. Akatikisa nyaya, mvumo ukabaki. Jasho lilianza kumtoka. Watu wangeanza kufika wakati wowote.

Ndipo akakumbuka ushauri wa rafiki yake mmoja wa vijiweni. Akachukua bisibisi, akafungua plagi za spika zote tatu. Katika kila plagi aliuchomoa waya wa kijani na njano, akaukunja na kuufunga utepe. Akachomeka tena. Kimya! Mvumo ulikuwa umekwisha.

"Daktari wa spika ni mimi," Besi alijisifu.

Mzee alifika mapema ili ajaribu kusema. Viatu vyake vipya vilimbana, akavivua mlangoni. Pamoja naye alikuja jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi ya kutandaza umeme majumbani. Jina lake la mtaani lilikuwa Mama Nyaya. Alikuwa mgeni mwalikwa, lakini hakuwa mtu wa kukaa bure. Alianza kupanga viti.

Mzee alisimama peku mbele ya sabufa, akashika maiki. Akasita. Akaangalia mkono wake.

"Kuna wadudu," alinong'ona, na ukumbi mzima ukasikia. "Wananitambaa mkononi."

Besi alicheka kwa furaha. "Umewasikia? Hata wadudu wanasikika!"

Mama Nyaya hakucheka. Kiti kilimdondoka.

"Mzee, achia hiyo maiki! Iachie!"

Alikimbia hadi ukutani, akazima swichi na kuchomoa plagi. Maiki ilianguka sakafuni. Mama Nyaya aliigeuza plagi mkononi, akaona skurubu yenye mikwaruzo mipya.

"Nani amefungua plagi hii?"

Besi alitazama bisibisi yake.

"Ninauliza, nani?"

"Mimi, dada. Zilikuwa zinavuma. Nikatoa ule waya wa kijani. Si wa kazi, hata ukitoka spika zinalia."

"Zinalia, ndiyo. Na kesho tungelia sisi." Mama Nyaya alikuwa na hasira, na hakuificha. "Huo ni waya wa ardhi. Umeme ukivuja ndani ya sanduku, waya huo unaubeba mpaka ardhini, na swichi kuu inajikata. Ukiutoa, umeme unatafuta njia nyingine. Unapita kwenye waya wa sauti, unafika kwenye chuma cha maiki. Kisha unashuka kwa mtu. Tena mtu aliye peku kwenye sakafu mbichi! Leo umevuja kidogo, akahisi wadudu. Siku waya mmoja ukichubuka humo ndani, hatahisi wadudu."

Fundi cherehani alitazama miguu ya baba yake. Palikuwa na alama za maji pale alipokuwa amesimama. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Ungeniulia baba yangu," alimwambia mumewe, polepole.

Besi aliiweka bisibisi chini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Shangazi wa bwana harusi alikuwa ameingia, na alisikia yote. "Basi," alisema. "Nimwite wa kwetu."

Mzee alitikisa kichwa. Alimshika mkwewe bega, akamnong'oneza fundi sikioni. Fundi alimgeukia shangazi. "Baba anasema aachwe atengeneze."

"Atatengeneza mbele ya macho yangu," Mama Nyaya alisema. "Haya, Besi. Mikono ni yako, macho ni yangu."

Besi alirudisha waya wa ardhi katika kila plagi. Mama Nyaya alikagua moja moja. Walipowasha, mvumo ulirudi.

"Unaona, dada?"

"Ninasikia. Sasa tumtafute mwizi, tusivunje nyumba. Mikisa umeichomeka wapi?"

"Kwenye soketi ya mlangoni."

"Na spika ziko kwenye soketi ya jukwaani. Ndiyo maana. Chomeka vyote mahali pamoja, kwenye waya mmoja mzuri wa kurefushia, wenye waya wa ardhi. Na usisokote waya wa sauti pamoja na waya wa umeme kama nywele. Utenge. Ikibidi zikutane, zipishane kama njia panda."

Besi alifanya hivyo. Mvumo ulikufa wenyewe.

"Sauti inatoka kwenye mikisa inakwenda wapi?"

"Kwenye spika za juu. Nyingine kwenye sabufa."

"Ipeleke yote kwenye sabufa kwanza, palipoandikwa kuingia. Kisha itoke hapo iende spika za juu, ya kushoto na ya kulia. Sabufa itabaki na mdundo, za juu zitapata sauti nyingine. Kila mtu kazi yake. Na kuwasha, mikisa kwanza, spika mwisho. Kuzima, spika kwanza, mikisa mwisho. Hutasikia tena ile salamu yako ya puu."

"Na hizi taa za mikisa?"

"Kijani ni salama. Njano iguse kidogo tu. Nyekundu ikiwaka, punguza. Nyekundu si mapambo."

Muziki ukaanza, safi na mtamu. Wageni waliingia wakitingisha vichwa. Besi alianza kupumua. Mara mdundo ukakatika. Sabufa ilikuwa imezimika. Punde spika ya kushoto nayo ikanyamaza.

Nje, honi za magari zilisikika. Bibi harusi alikuwa anafika. Shangazi alitoa simu kwenye mkoba.

"Sijagusa kitu, naapa!" Besi alisema.

Mama Nyaya alizima zilizobaki, akapitisha mkono nyuma ya sabufa, akauondoa haraka. "Nani amelivisha sanduku hili koti?"

"Mimi," fundi cherehani alisema.

"Umeshona vizuri mno, shoga yangu. Hilo ndilo tatizo. Amplifaya iko humu ndani, na inatoa joto. Hiki chuma chenye mapezi huku nyuma ndicho pua yake. Wewe umeiziba pua kwa bitana. Sanduku limejizima ili lisiungue."

"Tuyavue?"

"Mbili ziko juu ya stendi. Kuyavua ni kushusha na kupanga upya, na muda hatuna. Hata zipu ikifunguliwa, bitana itabaki imeziba pua."

Fundi aliyatazama makoti yake. Alikuwa ameyakeshea. Alitaka mdogo wake ayaone yakiwa mazima. Kisha alimtazama baba yake, ambaye alikuwa ameinama akivaa viatu vyake vya kubana, bila kuambiwa na mtu.

Alichukua mkasi wake na kukata mgongo wote wa koti la sabufa, zipu na bitana, toka juu hadi chini. Akahamia la pili. Akahamia la tatu. Besi aliisogeza sabufa mbali na ukuta, na wakafungua madirisha. Wakasubiri masanduku yapoe.

Bibi harusi alikuwa mlangoni. Shangazi alishika simu, kidole kikiwa juu ya namba.

"Sasa," Mama Nyaya alisema.

Mikisa kwanza. Sabufa. Spika. Taa ya kijani ikawaka katika kila sanduku. Shangazi alirudisha simu mkobani.

Wakati wa maneno ulipofika, mzee alisimama nyuma ya mstari wa spika, ili maiki isipige mluzi. Aliishika. Safari hii hakukuwa na wadudu.

"Mwanangu," alinong'ona, na mnong'ono ukafika hadi viti vya mwisho. "Nilipougua, kila siku uliinama, ukaweka sikio lako mdomoni pangu ili unisikie. Leo usiiname. Simama wima, nikubariki."

Bibi harusi alisimama wima. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyetafuta leso kwanza.

Siku hizi Besi hukagua kila plagi kabla mtu hajashika maiki. Bisibisi yake hutunzwa na Mama Nyaya. Makoti nayo yana migongo wazi, na wapiga muziki wengine wameyapenda, wanaleta spika zao zipimwe. Fundi cherehani hapimi upana kwanza, wala haulizi rangi. Huligeuza sanduku, akauliza, "Huyu anapumulia wapi?"