Kaka Aliiuza Sauti Yangu kwa Wagonjwa wa Ini

Nina miaka arobaini na moja, mama wa mtoto mmoja, na kazi yangu ni utafiti wa ini. Nilizaliwa Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, ila maabara ninayofanyia kazi iko mbali sana na nyumbani. Wasomaji wenzangu, nawasimulia haya huku uso ukiniwaka kwa aibu... Lakini nikinyamaza, kuna watu wataendelea kudanganyika kwa jina langu.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Kaka yangu Deo akaacha shule, akashika jembe ili mimi nisome. Nilipofaulu kwenda sekondari Kayanga, nilipokelewa na Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mwenye duka la vitenge, ambaye wazazi wake walitokea Tanga. Nililala chumba kimoja na binti yake Mwanaidi, tukala sahani moja. Nilimwita mama, na wala haikuwa heshima tu. Alikuwa mama yangu!

Hao wawili ndio walionifikisha hapa nilipo. Na mmoja wao alimponza mwenzake, tena kwa maneno yangu mimi...

Nilikwenda nyumbani likizo ya Krismasi. Tumekaa uani tunamenya ndizi, Deo akaniuliza, "Hivi mdogo wangu, huko maabara unafanya nini hasa? Watu wananiuliza, nakosa la kujibu."

Nilifurahi mno! Nikamwambia ini ni kiungo cha ajabu, ukilikata hata nusu linaota tena mpaka linarudi ukubwa wake. Seli zake hupeana ujumbe wa kukua, na ini likishatosha, unakuja ujumbe mwingine wa kusimama. Kansa ni seli zilizokataa kusikia ule wa kusimama. Mimi natafuta jinsi ujumbe wa kukua unavyopita ndani ya seli, na pa kuuzimia. Nikasema wazi kwamba dawa bado hatuna, na huenda nikazeeka kabla haijapatikana.

Deo alikuwa na simu mkononi. Sikujua kwamba ananirekodi. Ningejuaje? Ni kaka yangu!

Mwaka ule ugonjwa wa mnyauko ulimaliza migomba yake yote. Akaanza kuchemsha mizizi na majani, akajaza kwenye chupa, akafunga spika kwenye pikipiki na kuzunguka magulioni, Rugu leo, Songambele kesho. Kwenye chupa alibandika picha yangu nimevaa koti jeupe. Na kwenye spika ilikuwa sauti yangu: "Ini ni kiungo cha ajabu... linaota tena mpaka linarudi ukubwa wake!" Mengine yote niliyosema alikuwa ameyakata.

Mimi sikujua lolote.

Wakati huo huo Bi Zuhura alianza kuumwa chini ya mbavu. Hospitali wakamkuta na uvimbe upande mmoja wa ini, bado mdogo, wakamwambia akubali kufanyiwa upasuaji. Akaogopa. Wakimkata ini ataishije? Ndipo Deo alipomfikia na chupa zake, akamwambia ni dawa niliyoitengeneza mimi, mtoto wake mwenyewe, tena nimesema asinisumbue kwa maswali ya ugonjwa, nina kazi nyingi.

Alinipigia mara moja tu. "Mwanangu, asante kwa ulichompa Deo aniletee." Mimi nilikuwa nimemtumia tende na mafuta ya kujipaka kwa ajili ya Idi, kupitia kwa Deo huyo huyo. Nikamjibu kwa haraka, macho yangu kwenye hadubini, "Tumia tu mama, vikiisha nitakuongezea."

Tumia tu! Kwa nini sikumuuliza hata hali yake?

Miezi ikapita, Mwanaidi akanipigia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Njoo umwone mgonjwa wako."

Nilimkuta Bi Zuhura macho ya njano, tumbo limejaa, mikono imebaki mifupa. Pembeni ya kitanda kulikuwa na chupa yenye sura yangu. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dawa yako chungu, lakini naimaliza yote. Ini limeshaanza kuota?"

Mwanaidi alinikazia macho. Nililia, nikasema, "Mama, hiyo dawa si yangu. Sijawahi kutengeneza dawa yoyote."

Aliigeukia ile chupa. Kisha akauliza, "Na lile la ini kuota?"

"Ni kweli, mama. Ndiyo maana walitaka kukukata. Lililobaki lingeota."

Akafumba macho, akageukia ukutani. Hakusema nami tena. Juma lile lile tukamzika.

Kwenye matanga, wanawake walinyamaza kila nilipoingia. Niliosha sufuria peke yangu nyuma ya nyumba. Nani angekaa karibu na mimi?

Nilimfuata Deo Nyakatuntu. Hakukana. "Kwani ile si sauti yako?" alisema. Kisha akaangua kilio. "Niliacha shule kwa ajili yako. Nami nilitaka nifaidi hiyo elimu, hata kidogo tu!"

Mama aliyenizaa alinishika mguu, akinisihi nisiende polisi. "Waitu, nakuomba, ni kaka yako! Ndiye aliyekulea!" Nilikwenda. Nilitoa maelezo dhidi ya mtu aliyenibeba mgongoni kwenda shule.

Siku ya gulio nikasimama Songambele, Mwanaidi akiwa kando yangu, nikaazima kipaza sauti cha fundi redio. Nikawaambia kwamba mimi ndiye yule wa kwenye chupa, na kwamba dawa ile ni ya uongo. Wengine walinizomea, wakasema nilikula njama na kaka yangu, sasa najisafisha. Mwanamume mmoja akasogea, amekamata kofia kwa mikono miwili. "Mke wangu anaitumia tangu masika. Sasa nifanyeje, mama?"

"Mrudishe hospitali leo hii," nilimwambia. Aliondoka mbio hata bila kuaga. Sijui kama aliwahi.

Sasa Deo ana kesi. Mama hapokei simu zangu. Mwanaidi hupokea, tunasalimiana kwa maneno machache, anakata. Maabara narudi kila siku, lakini nikiulizwa kazi yangu, nabadilisha mazungumzo.

Enyi mlio na wagonjwa, nawasihi! Chupa ikibandikwa picha ya mtu unayemfahamu, mpigie mwenyewe, umuulize kwa mdomo wako. Ukiambiwa asisumbuliwe, msumbue! Daktari akikutajia kisu ukaogopa, mwambie kwamba unaogopa, akueleze mpaka uelewe. Nanyi mliosoma, mzazi akipiga simu acheni kazi, mumsikilize mpaka amalize. Mimi sikumsikiliza wangu, na sasa kaburi lake liko Kayanga, hata kwenda kulizuru naona haya...