Njia ya Istanbul

Lifti ya jengo la Lalo, barabara ya Bole mjini Addis, ilikwama saa ya chakula cha mchana katikati ya msimu wa mvua, na ukumbi wa chini ukajaa watu wanaonung'unika, miavuli yao ikichuruzika maji sakafuni. Mahlet Desta alisimama nyuma yao, gauni lake la rangi ya kahawa limelowa pindoni, shali nyeupe ameiteremsha mabegani, mkononi mfuko wa injera na mchuzi wa shiro ulioanza kupoa. Mbele, fundi mmoja mrefu mwenye ovaroli ya buluu alikuwa ameingiza kichwa kwenye kisanduku cha nyaya. Alipokitoa alifuta mikono, akawageukia watu na kusema anahitaji mtu mmoja wa kuijaribu pamoja naye.

Hakuna aliyesogea.

"Ikianguka je?" Mahlet aliuliza.

"Tutaanguka wote, dada. Angalau utakuwa na mwenzako."

Watu wakacheka. Mahlet, bila kujua kwa nini, akaingia.

Lifti ilipanda ikitetemeka kama punda aliyeamshwa. Fundi alisema anaitwa Surafel, akamuuliza anashukia wapi. Aliposema ghorofa ya tano, ofisi ya tiketi, yule mtu akamtazama upya kutoka viatuni mpaka kwenye nywele zilizosukwa.

"Usiniambie wewe ndiye Mahlet wa njia."

Ndiye aliyekuwa. Mahlet alikuwa na jina mjini. Tiketi kila wakala anakata, lakini yeye aliisoma ratiba ya ndege kama wengine wanavyousoma uso wa mtu. Alijua kwamba kiti kilichofungwa kwa anayetoka Addis huweza kufunguka kwa anayeanzia Nairobi. Kwamba ndege ya Jumanne huwa na nafasi mbele ambazo ndege ya Ijumaa haina. Kwamba pointi za safari alizosahau mtu miaka mingi zinaweza kumtoa kwenye kiti cha kubana magoti na kumlaza kwenye kiti kinachonyooka kama kitanda. Aliwahi kumpeleka bibi harusi Melbourne akapitia miji ambayo hakuna mtu angeiwaza, akafika kabla ya shela lake.

Surafel akamweleza shida yake hapohapo, lifti ikiwa imeshafika na mlango uko wazi. Mama yake alianguka bafuni, pingili ya uti wa mgongo ikapasuka. Dada yake Surafel, Lidya, yuko Vancouver, amejifungua mtoto wa kwanza, na mama ameapa kumbeba mjukuu kabla hajaanza kutambaa. Daktari amemruhusu kusafiri kwa sharti moja: alale, asikae. Lidya anazo pointi za kutosha kumpandisha daraja, lakini kila ofisi inasema nafasi hakuna.

"Njoo kesho," Mahlet alimwambia, akashangaa jinsi moyo wake ulivyofurahia neno hilo kesho.

Surafel alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, amejipulizia manukato mpaka Gashe Worku, mwenye ofisi, akainuka kufungua dirisha. Alipotaka kuketi kwenye kiti cha karibu na mlango, Mahlet alimwahi.

"Hicho hapana," alisema. "Njoo ukae huku karibu nami."

Surafel alitabasamu kama aliyepewa zawadi. Hakujua kwamba kiti kile kilikuwa na mtu.

Kwenye kiti kile alikaa Natnael. Alikaa na koti lake la kahawia, begi dogo mapajani, miguu ameikusanya pamoja kama abiria anayengoja jina lake liitwe. Hakuwahi kusema neno. Alikuja asubuhi Mahlet alipofungua kompyuta, na alikuwepo bado wakati taa zinazimwa. Wateja walimpita. Mara chache mtu alimkalia, na Mahlet akalazimika kwenda kusimama dirishani mpaka ainuke.

Natnael alikuwa mchumba wake. Kazi yake ilikuwa kuonja kahawa na kusema ni ya mlima gani, na alialikwa kwenye mashindano Los Angeles. Hajawahi kulala angani, alisema, na Mahlet akaapa kwamba atalala. Njia fupi ilikuwepo, na kiti kilikuwepo. Ila kwenye njia fupi viti vya mbele vilikuwa vimejaa, basi Mahlet akampitisha Istanbul: ashinde huko mchana kutwa, jioni apande ndege yenye kitanda. Natnael alipofika huko alimpigia simu, akasema amechoka, atajilaza tu pale uwanjani. Mahlet akamtania kwamba amekuwa mzee. Akamwambia atoke, akauone mji. Akatoka. Barabara ya kutoka uwanjani inapita karibu na Bahari Nyeusi, mvua ilikuwa inanyesha, na lori moja liliteleza.

Tangu siku hiyo Mahlet hakumpitisha mtu yeyote Istanbul. Wateja hawakujua. Aliwapitisha kwingine, wakafika, wakamshukuru.

Sasa alipoiandika safari ya mama yake Surafel, kompyuta ilimjibu papo hapo. Addis, Istanbul, Vancouver. Viti vya kulala kwenye ndege zote mbili. Kungoja Istanbul kuanzia asubuhi mpaka jioni. Pale mlangoni, Natnael akainua macho kwa mara ya kwanza.

Mahlet alifunga ukurasa. "Bado hazijafunguka," alisema. "Tuendelee kuvizia."

Wakaendelea kuvizia, na katika kuvizia wakapendana. Surafel alipita kila alipokuwa na kazi karibu na Bole, na ghafla ikawa lifti zote za Bole ni mbovu. Walikunywa kahawa ya makiato wakiwa wamesimama kwenye kaunta ya duka la jirani, wakitazama mvua. Alimnunulia viatu vya mpira vyekundu ili asilowe, na Mahlet alivivaa na gauni lake zuri la Jumapili bila haya. Simu zilikuwa haziishi.

"Uko wapi?"

"Juu ya paa la lifti, ghorofa ya kumi. Niambie neno tamu nisianguke."

"Shika kamba."

"Hilo ndilo neno tamu?"

"Kwangu mimi ndilo. Shika kamba kwa mikono miwili, roho yangu, kisha unipigie ukishuka."

Surafel alicheka, lakini Mahlet hakuwa anatania. Kila simu ilipochelewa kidogo, alimpigia yeye mwenyewe. Alipokuwa na furaha sana, alijikuta anatazama kile kiti, kama mtu anayeomba radhi.

Mvua zikaelekea ukingoni. Mtoto wa Vancouver alianza kuketi. Surafel alipouliza habari za viti, Mahlet alimpa njia nyinginezo, baadhi zinapanda daraja nusu ya safari tu, baadhi zinamtaka mama akae kiti cha kawaida usiku mzima. Siku moja Surafel, akiwa anatengeneza lifti ya jengo jingine, aliingia katika ofisi ya tiketi iliyokuwa hapo chini, akauliza tu kwa kuuliza. Kijana wa kaunta hakumaliza hata kunywa chai yake. Viti vipo, akasema. Vipo siku nyingi.

Alimpigia Mahlet akiwa bado amesimama barabarani. Magari yalisikika yakipiga honi.

"Istanbul ilikuwa wazi muda wote?"

Mahlet alikigeukia kiti cha mlangoni.

"Nijibu, Mahlet. Mama yangu analia kila Lidya anapotuma picha ya mtoto. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini? Ili niendelee kuja?"

Angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Natnael alikuwa anamtazama, na Mahlet akaona ni kama kusema mbele ya mtu mwenyewe kwamba amekufa. Akasema tu, "Samahani," na Surafel akakata.

Hakuja tena. Lifti za Bole zikapona zote. Gashe Worku, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimletea Mahlet kahawa mezani siku mbili tatu, kisha akamuuliza kama anaumwa, naye akasema ni mafua.

Aliyekuja ni mama yake Surafel. Mama Zenebech aliingia adhuhuri moja amevaa vazi jeupe lenye tarizi ya kijani, mkanda wa mgongo umefungwa juu yake kama wa mpiganaji, fimbo mkononi. Kabla Mahlet hajainuka, alikuwa ameshaelekea kiti cha mlangoni.

"Hapo hapana, mama," Mahlet alisema, na sauti yake ikavunjika.

Mama Zenebech alisimama. Alikitazama kiti, akamtazama msichana. "Kuna mtu?"

Mwaka mzima hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Yupo," Mahlet alijibu.

"Basi mwambie anisogezee. Mgongo unaniua."

Mahlet alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. Mama Zenebech alikaa kwenye kiti kingine, akangoja. Hakumbembeleza, na hakumwambia kwamba ni mawazo tu. Alisikiliza habari ya mashindano, ya kitanda cha angani, ya simu ile ya mwisho na maneno yale, toka ukauone mji. Mahlet alipomaliza, mama aliuliza kijana alikuwa anaitwa nani, na ni mtoto wa nani. Akajibiwa. Akainamisha kichwa kuelekea mlangoni, kama mtu anavyomwamkia mtu.

"Mwanangu hajui haya," alisema. "Anadhani ulimchezea. Mimi nilimwambia mwanamke anayevaa viatu vile vyekundu mbele za watu hachezei mtu." Akanyoosha mguu wake taratibu. "Sasa nikatie tiketi ya Istanbul. Peke yangu siwezi kubadili ndege, na Surafel hajapata viza. Utanipeleka wewe mpaka huko, unipakie kwenye ndege ya jioni, kisha urudi. Na mchana huo hatutaulalia uwanjani. Nataka kuiona hiyo bahari."

"Mama, siwezi."

"Wala mimi siwezi kuketi, na nimeketi."

Mahlet alikata tiketi zile mwenyewe. Mama Zenebech alipewa kitanda kwenye ndege zote mbili. Yeye alijitafutia kiti cha nyuma kabisa, kwenye ndege ileile, na cha kurudia siku inayofuata. Viza ya Uturuki ilipotoka, alijifungia chooni akatapika. Kisha akanawa uso, akaenda kufunga begi.

Walifika Istanbul asubuhi yenye mawingu mazito. Mama Zenebech alikuwa amelala njia nzima na alishuka akijisifu kwamba hata mfalme hajalala vile. Mlangoni mwa uwanja walichukua teksi. Mahlet alimsaidia mama kuegemea mito kiti cha nyuma, akaketi kando yake. Alipoinua macho, Natnael alikuwa ameketi mbele, pembeni ya dereva, begi mapajani.

Barabara ilikuwa nyeusi na imelowa. Malori yalipita yakitupa maji kwenye vioo. Mahlet alimshika mama mkono, na mama hakuuliza, aliubana tu. Mahali penyewe alipafahamu kwa picha aliyotumiwa wakati ule: kona pana, ukingo wa chuma, nyuma yake nyasi, nyuma ya nyasi bahari ya rangi ya risasi. Alijitayarisha kuona kitu. Palikuwa na nyasi. Mbwa alikuwa anavuka. Dereva alikuwa anapiga mluzi.

"Ndipo hapa?" Mama Zenebech aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndipo."

Mama akamgonga dereva begani, akamwashiria asimame pembeni. Mahlet alishuka peke yake. Upepo ulimvua shali, akaishika. Alisimama kwenye ule ukingo, akasema yale ambayo hakuwa amepata pa kuyasemea: kwamba ni yeye aliyemtoa nje, kwamba alitaka afurahi tu, kwamba kuna mtu mwingine sasa, na kwamba anampenda. Alilia kwa sauti, malori yakimpita. Hakujibiwa. Aliporudi garini Natnael alikuwa bado pale mbele, anatazama bahari kupitia kioo, na uso wake haukuwa na hasira wala msamaha. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama bahari.

Jioni alimpakia mama. Kabla ya kupita langoni, Mama Zenebech aliomba simu, akampigia mwanawe, akaongea kwa muda mrefu mgongo ameugeuzia Mahlet. Kisha akamrudishia simu ikiwa imekatwa, akambusu mashavu yote mawili, akaenda.

Ndege ya kurudi ilitua uwanja wa Bole asubuhi. Mvua zilikuwa zimekwisha na vilima vya Entoto vilionekana vya kijani hadi kileleni. Surafel alikuwa nje kwenye maegesho, amevaa ovaroli ya kazi, uso wa mtu ambaye hakulala. Walitazamana kwa mbali, kisha karibu.

"Mama ameniambia yote," alisema. "Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba ninakaa na marehemu?"

"Hivyohivyo."

Mahlet aliweka begi chini. Alitaka jambo hili liwe wazi kabla mikono yao haijagusana. "Nilifika mpaka pale, Surafel. Nilidhani nitamwacha huko. Sikumwacha. Nimerudi naye. Sijui kama ataondoka siku moja, na sitaki kukudanganya mara ya pili."

Watu waliwapita na mikokoteni ya mizigo, ndugu wakilia na kukumbatiana.

"Nimekuja kukuomba tuoane," Surafel alisema mwishowe. "Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yamenipotea njiani. Natnael anakula nini?"

"Hali. Anakaa tu."

"Basi si mgeni wa shida."

Mahlet alimtazama kuona kama anadhihaki. Hakudhihaki. Akamwambia ndiyo, kwa sauti ndogo, na Surafel akabeba begi lake mpaka kwenye kigari chake cha zamani cha buluu. Alifungua kwanza mlango wa nyuma. Alisimama ameushikilia, akangoja kidogo, kama mtu anavyomngojea mzee aingie na kukusanya miguu yake. Kisha akaufunga polepole, akazunguka, na kumfungulia Mahlet mlango wa mbele.