Umeshatumia Dawa Gani?

"Mgonjwa anayefuata!" mwalimu aliita, na Mizani akainuka na karatasi yake.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa yeye. Kwenye mtihani wa vitendo wa famasia, mwanafunzi mmoja huigiza mgonjwa na mwenzake mfamasia, na kura ilikuwa imemtupa kwa Lebo, mtu ambaye hakuwa amesemezana naye wiki tatu nzima. Mizani aliitwa hivyo kwa kuwa hakuwahi kukosea kupima unga wa dawa. Lebo alilipata jina lake kwa mwandiko wake mzuri kwenye vifuko vya vidonge. Walipendana hadi chuo kizima kikawaonea kijicho, mpaka siku Lebo alipoona vidonge vya kila aina kwenye mkoba wa Mizani akauliza ni vya nini.

"Mimi si mgonjwa wako!" Mizani alimfokea siku ile. "Nimesoma dawa kama wewe. Niache!"

Na kweli akamwacha. Mwanaume naye, ukimwambia neno analishika!

Sasa Lebo alikuwa amesimama nyuma ya meza, koti jeupe limenyooshwa vizuri.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

Mizani alichungulia karatasi yake. Iliandikwa: kichwa kinauma tangu jana, hujatumia dawa yoyote.

"Kichwa kinaniuma, tangu jana."

"Pole sana. Umeshatumia dawa gani?"

Angejibu "sijatumia", Lebo angetoa panadol, apate alama zake na kila mtu ashike njia yake. Lakini tumbo lilimwaka tangu asubuhi, na macho ya Lebo yalikuwa yakimngoja kweli. Alikuwa amemkumbuka huyu mtu, jamani!

"Ibuprofeni," alisema. "Na diklofenaki."

"Zote mbili?"

"Kwa pamoja. Kila mwezi nikiingia kwenye siku zangu. Maumivu yanataka kuniua, Lebo."

Darasa zima likageuka kumtazama. Hata wa mwaka wa kwanza anajua dawa hizo ni za ukoo mmoja, na ukizichanganya unaliumiza tumbo. Tena Mizani ndiye aliyewakaririsha wenzake.

"Mgonjwa, fuata karatasi!" mwalimu alikemea.

"Mwalimu, namhudumia mgonjwa niliyenaye," Lebo alisema. "Dada, choo chako kimebadilika rangi?"

Mizani alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Cheusi. Tangu juzi."

Lebo akaweka kalamu chini.

"Hiyo ni damu ya tumboni. Sikupi dawa hata moja. Unakwenda kwa daktari sasa hivi, na mimi nakupeleka."

"Karatasi ya alama inataka dawa na maelezo yake," mwalimu alimkumbusha.

"Basi niandikie sifuri, mwalimu."

"Wewe, kaa umalize mtihani!" Mizani aliangua kilio. "Nitakwenda peke yangu."

"Peke yako ndiko kulikokufikisha hapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu! Nimemaliza vitabu, halafu maumivu yangu mwenyewe yananishinda. Ningekuambiaje?"

"Kama ulivyoniambia sasa."

Mizani akafuta machozi, akamtazama vizuri. Kumbe muda wote Lebo alikuwa akizungumza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Na hilo shavu?"

"Shavu gani?"

"Limevimba, Lebo!"

"Aah, jino tu. Wiki ya pili hii."

"Umeshatumia dawa gani?"

Lebo akakuna kichwa.

"Amoksilini. Vidonge vitano alivyobakisha dada yangu."

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Lebo, anayewahubiria wagonjwa kila siku wamalize dozi na wasitumie dawa za wenzao! Hata mwalimu alishindwa kujizuia.

"Mganga hajigangi," alisema akiwafungulia mlango. "Tokeni wote wawili! Wa tumbo aonwe kwanza. Haraka!"

Walifika kliniki ya chuo wameshikana mikono, Mizani akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Hawajakaa vizuri kwenye benchi, simu ya Lebo ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa umetoka kwa mwalimu:

"Umefaulu. Leo ni wewe tu uliyemsikiliza mgonjwa badala ya karatasi. Jino ling'olewe, Jumatatu nataka kukuona darasani."

Lebo aliruka nusura aangushe benchi. Akamkumbatia Mizani polepole, asije akamtonesha tumbo.

Nesi akachungulia mlangoni.

"Mbona mnakumbatiana hapa? Nani mgonjwa kati yenu?"

"Mimi ni mgonjwa wake," Mizani alijibu, "na yeye ni wangu."